Clarkston, Georgia: mji mdogo pembeni mwa Atlanta ambako Kiswahili ni lugha ya ngazini (uzi mrefu)

Mwana wa Heru (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mara ikija mada ya Marekani humu, tunazungumzia New York, Texas, Minnesota, basi. Leo naomba tuongelee kamji kamoja ambako wengi hawajawahi kukasikia, lakini ukikataja kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma hukosi mtu mwenye shangazi au mdogo wake huko. Kanaitwa Clarkston. Kako jimbo la Georgia, kaunti ya DeKalb, kama maili 10 kaskazini mashariki mwa katikati ya Atlanta. Mimi ni mtu wa Kasulu, naishi upande huu wa Atlanta, na kazi ya ukalimani inanipeleka Clarkston mara kwa mara, hospitalini, shuleni, kwenye ofisi za kupangisha nyumba.

Niseme mapema ninachoamini ili tusije tukapoteana. Magazeti ya Marekani yameuandika sana mji huu kama mji wa ukarimu. Ukarimu upo, nimeuona kwa macho yangu na sitaupuuza. Ila Clarkston haikuwa kimbilio kwa sababu watu wake walikuwa na roho nzuri kuliko miji jirani. Ilikuwa kimbilio kwa sababu ilikuwa na vyumba vitupu vya bei nafuu, ilipitiwa na basi, na haikuwa mbali na kazi ambazo huhitaji Kiingereza kuzianza. Roho nzuri ilifuata baadaye, na kuna mahali ilichelewa sana. Nasema hivi kwa sababu vitu vitatu hivyo vikiondoka, mji nao unabadilika, na vimeshaanza kuondoka.

Twende taratibu.

Mji ulisajiliwa rasmi mwaka 1882. Umezaliwa na reli, ile njia ya Georgia Railroad iliyotoka Augusta kuja Atlanta, iliyokamilika mwaka 1845. Hata jina ni la mkurugenzi mmoja wa reli hiyo, W. W. Clark. Reli ipo mpaka leo, inaukata mji katikati, na inapitisha treni za mizigo za kampuni ya CSX. Ukiwa na haraka, omba Mungu usikutane na treni kwenye kivuko. Mabehewa yanapita mpaka unachoka kuyahesabu, na pande zote mbili wanajikusanya akina mama waliobeba mifuko ya unga, wanafunzi, vijana wa baiskeli na magari yenye kila aina ya muziki.

Zamani wenyeji walikuwa wanafuga mbuzi kiasi kwamba mji ulipewa jina la utani Goatsville. Timu za sekondari ya Clarkston hadi leo zinaitwa Angoras, yaani mbuzi wa Angora. Nawaambia watoto wa kwetu wanaosoma pale kwamba wamefika mahali wanapojua thamani ya mbuzi, na wanalipenda hilo.

Maili chache mashariki ya hapo kuna Stone Mountain, mlima wa jiwe moja kubwa. Juu ya mlima huo ndipo Ku Klux Klan ilipofufuliwa mwaka 1915, na ubavuni kumechongwa sanamu za viongozi watatu wa upande uliopigana kulinda utumwa, kazi iliyokamilika mwaka 1972. Naitaja ili ujue Clarkston imekaa wapi. Mama aliyetoka Fizi, Congo, anasubiri basi mahali ambapo miaka mia moja tu nyuma asingethubutu kupita usiku.

Nimeandika mengi, ngoja nile kwanza. Naendelea.

---

Kijana wa Temeke

Mkuu, nimekaa mkao wa kula. Swali moja tu: watu wetu walifikaje huko? Nani alichagua Clarkston?

---

Mwana wa Heru

Swali zuri, na ndiyo kiini cha uzi.

Miaka ya 1970 Atlanta ilikuwa inapanuka, barabara ya mzunguko ya I-285 imeshafunguliwa, uwanja wa ndege unakua. Wajenzi wakajenga majengo mengi ya kupanga Clarkston na kuzunguka Clarkston, ghorofa mbili au tatu, ngazi kwa nje, kwa ajili ya wafanyakazi Wazungu wa kipato cha kati. Baada ya muda wale wapangaji wakahamia vitongoji vya mbali zaidi wakanunua nyumba zao. Vyumba vikabaki, kodi ikashuka, majengo yakaanza kuchoka.

Wakati huohuo, sheria ya wakimbizi ya mwaka 1980 ilikuwa imeweka utaratibu wa nchi nzima: serikali ya Washington inaamua idadi kwa mwaka, mashirika yasiyo ya serikali yanawapokea watu na kuwatafutia nyumba, kazi na shule. Sasa jiweke kwenye nafasi ya shirika lenye ofisi Atlanta. Una familia ya watu wanane inayotua Jumanne usiku. Haina gari, haina historia ya mkopo, haina mtu wa kuidhamini. Unahitaji mwenye nyumba atakayekubali, na unahitaji basi. Clarkston ilikuwa na vyote viwili. Mabasi ya MARTA, usafiri wa umma wa Atlanta, yanakufikisha kwenye treni, na tangu 1993 treni inafika hadi kituo cha Indian Creek, mwisho wa njia ya mashariki, si mbali na hapo. Mashirika ya kupokea wakimbizi kama IRC (International Rescue Committee) na World Relief yakaanza kuleta watu, mmoja akamvuta mwenzake.

Walianza Wavietnamu. Wakaja Wabosnia, Waethiopia, Wasomali, Wasudan, Waliberia. Baadaye Wanepali waliofukuzwa Bhutan, watu wa Burma, Wairaki, Wasiria, Waafghanistan. Na sisi wa Maziwa Makuu kwa makundi. Kwenye sensa ya 2010 mji ulikuwa na watu 7,554. Sensa ya 2020 ikahesabu 14,756, ingawa hapo katikati mji ulipanua pia mipaka yake. Kwa miaka mingi eneo lote lilikuwa kama maili moja tu ya mraba, ndiyo maana wanauita maili ya mraba yenye mchanganyiko mkubwa kuliko zote Marekani. Unatoka mlango huu unamkuta Mkareni wa Burma, wa juu yako Mwafghanistan, wa chini Mrundi.

Sasa tuje kwa watu wetu, maana hapa magazeti ya Wazungu hupita juu juu.

Kundi la kwanza ambalo Mtanzania angelitambua ni Wabantu wa Somalia. Hawa ni wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka maeneo ambayo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakapelekwa bonde la mto Juba. Baadhi wanaongea Kizigua mpaka kesho. Vita vya Somalia vikawatupa kambi ya Dadaab, Kenya, baadaye wakahamishiwa Kakuma, na kuanzia 2003 Marekani ikapokea zaidi ya elfu kumi. Clarkston ilikuwa moja ya miji iliyowapokea. Wenzao waliofika Tanga walipewa makazi Chogo, Handeni, na hatimaye uraia wa Tanzania. Nimewahi kukaa na mzee mmoja Clarkston aliyeniuliza habari za Handeni kana kwamba aliondoka juzi, na hajawahi kuiona maishani.

Kundi la pili ni Warundi wa 1972. Wale waliokimbia mauaji ya mwaka ule, wakaishi Tanzania miongo mitatu na zaidi, wengine wakarudi wakafukuzwa tena. Kuanzia 2007 maelfu yao waliletwa Marekani. Watoto wao walizaliwa Kigoma na Ngara, wamesoma, wamekua na kuchumbiana kwa Kiswahili.

La tatu na kubwa ni Wakongo. Kuanzia 2012 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na nchi zinazopokea waliweka mkazo kwa Wakongo waliokuwa uhamishoni tangu miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa mtu mzima mwenye watoto wakati jina lake linabandikwa ubaoni kwenye orodha ya wanaosafiri. Watu wa kambi za Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali, Kakuma, Kiziba, na pia Wanyamulenge walionusurika mauaji ya kambi ya Gatumba, Burundi, mwaka 2004, wote hao utawakuta Georgia.

---

Mtu wa Uvira

Aksanti sana kaka kwa kutukumbuka. Naomba niongeze kidogo. Gatumba walikuwa Wanyamulenge na Wabembe pia baadhi.

Mimi nilifika Clarkston nikitoka Nyarugusu. Kitu ambacho hujasema ni baridi ya ndani, ile mashine ya ubaridi inayovuma usiku kucha. Wiki ya kwanza mama alilala na koti akidhani haizimiki. Jirani Mrundi ndiye aliyekuja kutuonyesha kitufe. Kwa Kiswahili. Siku hiyo mama alilia, akasema kumbe hapa kuna watu.

---

Mwana wa Heru

Ndiyo ndugu yangu. Kuhusu Gatumba asante kwa kuongeza.

Hilo la kitufe ndilo ninalotaka watu walielewe. Shirika linakuhudumia kwa karibu siku 90 za mwanzo: nyumba, kadi ya hifadhi ya jamii, kuandikisha watoto shule, chanjo, kazi ya kwanza. Mhudumu mmoja ana familia nyingi na hawezi kukaa nawe kila jioni. Elimu halisi inatolewa ngazini. Nani atakuonyesha kwamba barua yenye bahasha ya dirisha si ya kutupa? Nani atakwambia jiko likitoa moshi kengele italia na zimamoto watakuja? Nani atakuandikia ujumbe wa kumwambia mwalimu mtoto anaumwa? Jirani. Na jirani yule anaongea Kiswahili kwa sababu miji kama Clarkston iliwaweka watu karibu karibu. Wanaosema wakimbizi wasambazwe ili wajifunze Kiingereza haraka hawajawahi kuwa mama wa watoto sita kwenye mji ambao hakuna anayekuelewa.

Dukani vilevile. Ingia duka lolote la Kiafrika pale, fungua friza: sombe (kisamvu) iliyotwangwa kwenye pakiti, samaki waliogandishwa, kando yake mifuko ya dagaa kavu na makayabu (samaki wa chumvi), unga wa mahindi mweupe, unga wa muhogo. Ukivuka maegesho unaingia duka la Wanepali, pilipili na dengu, na akina mama wa Kikongo wanajua bei za huko kuliko wenyewe. Na wapo wanaolima. Tangu 2010 kuna mpango unaoitwa Global Growers unaotafuta viwanja kwa wakulima waliokuja kama wakimbizi. Wamama wa Kirundi wanalima lengalenga na bilinganya chungu humo DeKalb, wanakula na wanauza.

---

Dada wa Ngara

Kaka shikamoo. Mdogo wangu wa kiume yuko huko na kila nikimpigia yuko kazini au amelala. Hii kazi ya kuku anayosema anafanya ni kazi gani?

---

Mwana wa Heru

Marahaba dada.

Georgia inaongoza au inakaribia kuongoza Marekani nzima kwa kuku wa nyama, na kitovu chake ni Gainesville, kama maili 50 kutoka Atlanta. Viwanda vinaendeshwa kwa shifti. Mtu wa Clarkston anaamka saa tisa au saa kumi usiku, anasubiri gari dogo la abiria linalokusanya watu majengo kwa majengo, analipia nauli kila wiki. Ndani ni baridi kali na sakafu imelowa. Kuku wamening'inia kwenye ndoano, mnyororo unatembea, na wewe una mkato mmoja tu, bawa au paja, unaurudia siku nzima. Ukirudi, vidole havikunji. Nimefanya ukalimani kwa madaktari kwa watu waliokuwa walimu na mafundi cherehani kule kambini ambao sasa hawawezi kufunga kifungo cha shati asubuhi. Nakwambia hivi dada ili ukimpigia asipopokea usimhukumu.

Si kazi pekee lakini. Kuna maghala ya kupanga mizigo, hoteli, uwanja wa ndege wa Hartsfield-Jackson. Nauli ya ndege waliyokuja nayo ni mkopo usio na riba kupitia IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, na lazima ulipwe. Baada ya mwaka mmoja wanaomba grinikadi, baada ya mitano wanaruhusiwa kuomba uraia. Anayejibana ananunua gari, anajifunza Kiingereza jioni, na wengi huhama. Usishangae ukisikia mdogo wako amekwenda Ohio au Kentucky au Iowa. Kodi za Clarkston zimepanda sana, na huko wanapata nyumba yenye uwanja. Watu wanauona uhamaji huo kama kushindwa kwa mji. Mimi sioni hivyo, mji umefanya kazi yake.

---

Kijana wa Temeke

Ulisema roho nzuri ilichelewa. Fafanua mkuu.

---

Mwana wa Heru

Chukua soka. Mwaka 2004 mwanamke mmoja aliyetoka Jordan, Luma Mufleh, alianzisha timu ya watoto wakimbizi, ikaitwa Fugees. Watoto wa Congo, Burundi, Sudan, Liberia, Bosnia, wote timu moja. Meya wa wakati ule, Lee Swaney, akazuia soka kwenye bustani ya mji, Milam Park, akisema uwanja ni wa besiboli. New York Times ikaandika habari hiyo Januari 2007, nchi nzima ikasoma, na baraza la mji likalazimika kulegeza. Kutoka kwenye timu ikazaliwa shule ya watoto ambao walikosa masomo kwa sababu ya vita.

Niwe mkweli kwa wale wenyeji wa zamani pia. Mzee aliyezaliwa pale alishuhudia mji wake ukibadilika katika miaka isiyofika ishirini bila mtu kumuuliza. Shirika la serikali kuu linaamua, shule ya mji inabeba mzigo. Hofu yake naielewa hata kama zuio la soka silielewi. Na wapo waliogeuka vizuri. Kanisa moja la Kibaptisti la Wazungu lililokuwa linakufa kwa kukosa waumini lilifungua milango, likabadili jina likawa kanisa la kimataifa, na hapo ndipo lilipopona. Jengo la zamani la sekondari likawa kituo cha jamii. Mwaka 2015 likaanza gari jekundu la kuuza kahawa, Refuge Coffee, linalofundisha na kuajiri wakimbizi. Nenda asubuhi utakuta polisi wa mji na dereva anayepeleka watu kiwanda cha kuku kwenye foleni moja.

Siasa nayo ikafuata. Ted Terry alichaguliwa meya mwaka 2013 na akausimamia mji waziwazi kama mji wa wakimbizi. Novemba 2015 gavana Nathan Deal alipotoa amri ya kuzuia Wasiria wasiletwe Georgia, Clarkston ilikuwa ikipokea. Amri ile gavana aliifuta Januari 2016 baada ya mwanasheria mkuu wa jimbo kusema hana mamlaka hayo. Mwaka 2020 akachaguliwa Beverly Burks, mwanamke wa kwanza Mweusi kuwa meya wa mji huo.

---

Mtu wa Uvira

Kaka, na sasa? Dada yangu alikuwa amemaliza yote. Mahojiano, vipimo vya afya, mafunzo ya safari. Yuko Nyarugusu mpaka leo.

---

Mwana wa Heru

Pole sana ndugu. Hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Amri ya rais Trump ya tarehe 20 Januari 2025 ilisimamisha mpango mzima wa kupokea wakimbizi. Waliokuwa na tiketi mkononi walifutiwa safari. Mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya laki moja, na Congo iliongoza nchi zote kwa idadi. Kikomo cha mwaka wa 2026 kikawekwa 7,500, na nafasi nyingi zikatengwa kwa Waafrikana wa Afrika Kusini. Juni 2025 likaja zuio la kusafiri, Somalia kwa ukamilifu, Burundi kwa sehemu. Julai mwaka huohuo sheria mpya ikawaondoa wakimbizi kwenye msaada wa serikali wa chakula mpaka wapate grinikadi.

Athari zake Clarkston unaziona bila kutafuta. Mashirika yamepunguza wafanyakazi, na wengi wa waliopunguzwa ni watu wetu, wale waliofika kama wakimbizi wakawa wahudumu. Madarasa ya wageni wapya yana viti vitupu. Kila familia niliyokaa nayo ina nusu yake upande ule wa bahari. Kuna baba anayelipa kodi ya vyumba viwili kwa sababu mke na watoto walikuwa waje Februari, na hataki kuhama kwa kuwa anwani ile ndiyo iliyoandikwa kwenye faili lao.

Kwa dada yako na wengine wote walioko kambini, mambo machache ninayoweza kusema kwa uhakika. Kesi kusimamishwa si sawa na kukataliwa. Asitupe karatasi hata moja. Akizaa, akiolewa au akifiwa, aijulishe UNHCR palepale kambini ili faili lisije likapingana na ukweli. Na asimpe mtu hela. Huduma za UNHCR na IOM ni bure, kuanzia fomu mpaka mahojiano. Tangu mlango ufungwe matapeli wamekuwa wengi WhatsApp, wanadai wanaweza kusukuma kesi kwa dola mia tatu. Hakuna wa kuisukuma.

---

Dada wa Ngara

Kaka, kuna wanaosema mtu mwenye pasi ya kawaida ya Tanzania anaweza kujiandikisha kwenda Clarkston kama mkimbizi. Kuna kijana mtaani kwetu anakusanya majina.

---

Mwana wa Heru

Hakuna kitu kama hicho dada. Mtu hajiandikishi kwenda Clarkston. Kwa kawaida mkimbizi anatambuliwa kwanza akiwa nje ya nchi yake, UNHCR ndiyo inapendekeza, Marekani ndiyo inahoji na kuamua, na mji wa kufikia hupangwa mwisho kabisa, mara nyingi kwa kuangalia ndugu yuko wapi. Mtanzania aliye Tanzania hayumo kwenye mpango huo. Mwambieni mama yeyote aliyeshatoa hela kwa kijana huyo adai irudishwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mpeleke taarifa polisi kabla hajahama.

Mtu wa Uvira, nitumie ujumbe wa pembeni. Kuna wanasheria wa kujitolea hapa DeKalb wanaosaidia familia ambazo kesi zao zilisimama, nitakupeleka mwenyewe.